Nyaya za Umeme: Zipite Juu ya Nguzo au Chini ya Ardhi?

Watu wengi wakaao upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, na hasa wale wa Spring Valley na mitaa iliyo jirani nayo, huuliza swali moja kila mvua za masika zinapokuja. Kwa nini nyaya za umeme zipitishwe juu ya nguzo, zikingojea mti uziangukie, na hali zingeweza kuzikwa ardhini zikawa salama?

Swali hili ni la haki, nalo lastahili kujibiwa. Lakini jibu lake si jepesi kama wengi wanavyodhani, wala halimhusu mwenye nyumba wa Spring Valley peke yake. Lamhusu pia mkulima wa kijijini ambaye watoto wake bado wanasoma kwa taa ya mafuta. Fedha za kuzika nyaya mjini na fedha za kuzifikisha nyaya kijijini hutoka mwishowe kwa watu wale wale, yaani walipa kodi na wanunuzi wa umeme. Kwa hiyo yafaa kila mtu aelewe faida na hasara za njia zote mbili, apate kupima mwenyewe.

HALI YA SPRING VALLEY

Spring Valley iko kaskazini-magharibi ya kati ya mji, kupita Westlands, upande wa barabara za Lower Kabete na Peponi. Nchi yake ni ya mabonde na vijito, na udongo wake ni mwekundu wenye rutuba, kama ule uliostawisha mikahawa ya Kiambu. Mahali penye udongo na mvua namna hiyo miti hukua upesi na kwenda juu sana. Mikaratusi na mijakaranda hutia kivuli barabarani, na watu huipenda mitaa hiyo kwa sababu ya miti yake.

Lakini mti mrefu na waya wa umeme ni majirani wasiopatana. Udongo ukilowa kwa siku nyingi, mizizi hulegea. Upepo ukivuma, tawi huvunjika au mti mzima huanguka, na waya hukatika. Ndipo taa huzimika, chakula huharibika katika jokofu, na pampu ya maji husimama.

Katika kati ya mji mambo ni tofauti. Mtu apitaye Kenyatta Avenue au Moi Avenue ataona nguzo za taa za barabarani, lakini umeme uingiao katika majumba makubwa hupita kwa sehemu kubwa ndani ya kebo zilizolazwa chini ya ardhi. Basi mtu wa Spring Valley husema: "Ikiwa wao wamezikiwa nyaya zao, mbona sisi hatuzikiwi?"

Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati tu. Mwaka 1922 kampuni mbili za umeme, moja ya Mombasa na moja ya Nairobi, ziliungana na kuwa East African Power and Lighting Company, ambayo mwaka 1983 ilipewa jina la Kenya Power and Lighting Company, na leo yajulikana kama Kenya Power. Katika nchi kubwa yenye watu waliotawanyika, nguzo na waya wa juu ndiyo njia iliyowezekana. Hata umeme wa Maporomoko ya Owen, Uganda, ulipoanza kuletwa Kenya mwaka 1958, ulisafirishwa mamia ya kilometa kwa nyaya zilizotundikwa juu ya minara. Kebo za ardhini zilitumika mahali ambapo nafasi ya nguzo ilikuwa haba, na watumiaji wa umeme walikuwa wengi katika eneo dogo.

KWA NINI WAYA WA JUU NI WA GHARAMA NDOGO

Umeme hutafuta njia ya kufika ardhini. Kazi kubwa ya fundi ni kuuzuia usifike huko kabla haujafanya kazi yake. Waya wa juu huzuiwa na hewa yenyewe, nayo hewa hainunuliwi. Waya waweza kuwa mtupu, bila kuvikwa kitu chochote, mradi uwe mbali na ardhi, na pale unaposhikwa na nguzo uwekewe kikombe cha kaure au cha kioo ambacho hakipitishi umeme. Tena waya ukipata joto kwa wingi wa umeme unaopita ndani yake, upepo huupoza.

Waya wa ardhini hauna msaada huo. Yapasa uvikwe vazi nene la kuuzuia umeme, kisha vazi la kuzuia maji, na juu yake mara nyingi vazi la kuulinda usichomwe na majembe na mawe. Joto lake halitoki upesi, kwa hiyo yabidi alumini au shaba iliyo ndani iwe nene zaidi kuliko ile ya waya wa juu uchukuao umeme kiasi kile kile. Halafu yabidi kuchimba handaki la kina cha mita moja hivi, kutandika mchanga, kulaza kebo, kuweka vigae au utepe wa kuwaonya watakaochimba baadaye, na kufukia. Mahali pengi pa Nairobi chini ya udongo kuna jiwe gumu la volkano. Jembe haliwezi kulipasua, na kila mita moja ya jiwe yaongeza gharama.

Ndiyo sababu kuzika nyaya za mtaani hugharimu mara kadhaa zaidi ya kuzitundika. Kwa njia kubwa za umeme wa nguvu nyingi, zile zinazobebwa na minara, gharama ya kuzika yaweza kuwa mara tano hadi mara kumi, na pengine kupita hapo.

ZIKIHARIBIKA HUTENGENEZWAJE?

Watu wengi hudhani kwamba waya uliozikwa hauharibiki. Hii si kweli. Ni kweli kwamba huharibika mara chache zaidi, kwa kuwa hauguswi na upepo, wala tawi, wala ndege, wala gari lililopoteza njia. Lakini ukiharibika, matengenezo yake huchukua muda mrefu.

Fikirini jambo hili. Tawi likigusa waya wa juu kwa dakika moja kisha likaanguka chini, mara nyingi hakuna kilichoharibika. Katika njia nyingi kuna swichi ambayo hujifunga yenyewe na kujifungua tena baada ya nukta chache, na mwenye nyumba huona taa zimepepesa tu. Hata waya ukikatika kabisa, fundi huweza kuuona kwa macho, akapanda nguzo na kuuunga siku ile ile.

Kebo ya ardhini haina hali hiyo. Vazi lake likitoboka, halijizibi. Mafundi hutuma mshindo wa umeme ndani ya kebo na kupima muda unaochukua kurudi, kama vile mtu apimavyo umbali wa jabali kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yake. Kisha hutembea juu ya ardhi wakisikiliza mahali hasa penye tundu. Baada ya hapo huchimba, hukata sehemu mbovu, na kuunga kwa uangalifu mkubwa, maana kiungo kikiingia maji kitaharibika tena.

Wenzetu wa Zanzibar wanayajua mambo haya vizuri. Kisiwa cha Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari. Kebo ya bahari si sawa na kebo ya mtaani, lakini shida yake ni ile ile, ya kitu kisichoonekana kwa macho na kisichotengenezwa kwa ngazi na koleo. Mwezi wa Mei 2008 njia hiyo iliharibika, na kisiwa kikakaa bila umeme huo kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mwezi wa Desemba 2009 iliharibika tena, na safari hii umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, watu wakahangaika na ndoo, na wafanya biashara wakatumia fedha nyingi kununua mafuta ya mitambo yao midogo. Kebo mpya iliyo kubwa zaidi ilizinduliwa mwaka 2013. Fundisho lake ni kwamba afadhali kuwa na njia mbili za kuletea umeme kuliko kuitegemea moja, hata ikiwa hiyo moja imefichwa vizuri namna gani.

MFANO WA MIJI MINGINE

Mji wa New York katika Marekani uliwahi kujaa nguzo na nyaya mpaka mbingu ikaonekana kama imefunikwa na wavu. Mwezi wa Machi 1888 dhoruba kubwa ya theluji iliziangusha nyaya hizo kwa wingi, na watu wa mji wakaona kwamba hali haiwezi kuendelea vile. Katika miaka iliyofuata nguzo zilikatwa na nyaya zikazikwa. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba 2012 tufani iliyoitwa Sandy ilisukuma maji ya bahari mpaka ndani ya mji ule ule, maji yakaingia katika mitambo ya umeme, na sehemu kubwa ya Manhattan ikawa giza. Kuzika nyaya kuliwaokoa na upepo, lakini hakukuwaokoa na maji.

Katika Uswidi, nchi ya misitu mingi, dhoruba ya Januari 2005 iliangusha miti isiyohesabika juu ya nyaya, na mamia ya maelfu ya nyumba zikakosa umeme, nyingine kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo makampuni ya umeme yalizika nyaya nyingi zilizopita msituni. Kwa nchi ile ilikuwa shauri la busara, kwa kuwa adui yao mkubwa alikuwa mti.

Basi kila mahali pana adui wake. Kabla ya kuchagua njia, yapasa kwanza kumjua adui wa mahali hapo. Adui wa Spring Valley ni mti, na kwa hiyo wale wanaotaka nyaya zizikwe huko wana hoja yenye nguvu. Lakini wakumbuke pia kwamba mtaa wao una mabonde yenye maji, na kwamba umeme wao hutoka mbali. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya njia kuu ya Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, na nchi ikaingia gizani tena. Siku hizo mbili, hata kama nyaya zote za Spring Valley zingalikuwa ardhini, taa zake zingalizimika vile vile.

USALAMA WA WATU

Jambo moja halipimwi kwa shilingi, nalo ni uhai wa mtu. Waya wa juu ukianguka waweza kuua, hata ukionekana umelala kimya na hautoi cheche. Umeme husambaa katika ardhi kuuzunguka waya, hasa ardhi ikiwa imelowa. Mtu akipiga hatua ndefu karibu nao, umeme waweza kupanda kwa mguu mmoja na kushuka kwa mguu wa pili. Ng'ombe, kwa kuwa miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali, hufa upesi zaidi kuliko mtu.

Kwa hiyo mkiona waya umeanguka, kaeni mbali, si chini ya mita kumi. Wazuieni watoto, na mwiteni fundi wa kampuni ya umeme. Msiuguse kwa fimbo, wala msimshike mtu aliyeguswa nao mpaka umeme umekatwa. Waya ukiangukia gari mliomo, kaeni ndani mpaka mafundi wafike. Ikiwa moto umewalazimisha kutoka, rukeni kwa miguu yote miwili pamoja bila kushika gari, kisha mwondoke kwa hatua ndogo sana, mkiburuta miguu.

Nyaya za ardhini hupunguza hatari hiyo, lakini zina hatari yake. Mtu anayechimba msingi wa nyumba, shimo la choo au handaki la bomba aweza kuipiga kebo kwa sururu, na ajali ya namna hiyo ni mbaya sana. Mahali penye kebo hapana budi kuwe na ramani sahihi, na kila achimbaye sharti aulize kwanza. Kebo iliyozikwa bila ramani ni mtego walioachiwa watu wa kesho.

NANI ATALIPA?

Hapa ndipo penye ugumu wa shauri lenyewe. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Tuseme kuzika nyaya za barabara ya kilometa moja kumegharimu shilingi milioni 20. Ikiwa barabara hiyo ina nyumba 20 zenye bustani kubwa, kila nyumba imegharimu shilingi milioni moja. Ikiwa barabara ya urefu huo huo ina maghorofa yenye makao 400, kila kao limegharimu shilingi 50,000. Kazi ni ile ile na handaki ni lile lile, ila wingi wa watu wanaogawana gharama ndio unaobadilisha hesabu.

Kwa sababu hiyo kati ya mji ilistahili kebo za ardhini kabla ya mitaa ya bustani. Na kwa sababu hiyo hiyo hesabu ya mitaa ya magharibi ya Nairobi inabadilika, maana mahali pengi palipokuwa na nyumba moja sasa pamejengwa ghorofa.

Lakini ikiwa gharama ya kuzika nyaya za mtaa mmoja itatiwa katika bei ya umeme ya nchi nzima, basi mama auzaye samaki Kangemi, kilometa chache tu kutoka Spring Valley, atalipia handaki ambalo halitapita mlangoni pake. Naye mkulima wa mbali, ambaye chini ya mpango wa kueneza umeme vijijini ulioanzishwa mwaka 2015 anangoja nguzo zifike kwake, aweza kungoja zaidi. Fedha za kuzika kilometa moja zingaliweza kutundika kilometa kadhaa za waya kijijini, pamoja na kupeleka taa katika shule na zahanati. Mambo haya si ya kuwatia watu uchungu wao kwa wao. Ni hesabu ambayo wenye kuamua hawana haki ya kuificha.

NJIA ZILIZO KATI

Kwa bahati njema, si lazima kuchagua moja ya njia mbili tu.

Kwanza, nyaya za mtaani zaweza kuvikwa vazi la kuzuia umeme na kusokotwa pamoja, kisha zikatundikwa juu ya nguzo zile zile. Tawi likizigusa, haziharibiki kwa urahisi, na mwizi wa umeme hupata taabu kuziunganisha kwa siri. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuzika.

Pili, miti ikatwe matawi kwa wakati wake, kabla ya masika na kabla ya vuli. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye nyumba apandaye mti mrefu chini ya waya anajitafutia giza, na kumtafutia jirani yake pia. Achague mti mfupi, au aupande mbali na njia ya umeme.

Tatu, zizikwe sehemu zile tu zenye hatari kubwa: penye miti mikubwa isiyofaa kukatwa, penye shule, na penye njia nyembamba yenye maghorofa pande zote mbili.

Nne, barabara inapochimbwa kwa ajili ya lami, maji taka au jambo lolote, yalazwe mabomba matupu ya kupitishia kebo siku za mbele. Barabara ya Nairobi Expressway ilipojengwa kati ya mwaka 2020 na 2022, nyaya, nguzo na mabomba mengi yalibidi kuhamishwa. Sehemu kubwa ya gharama ya kebo ni kuchimba na kufukia. Handaki moja likitumiwa na wote, kila mmoja hulipa kidogo.

Tano, wakazi wanaotaka nyaya zao zizikwe kabla ya zamu yao waweza kuchangia sehemu ya gharama inayozidi ile ya nguzo. Mkutano wa wakazi ndio mahali pa kulijadili jambo hilo, na kampuni iwaonyeshe hesabu wazi.

SHAURI LETU

Basi mtu akiuliza kama nyaya zipite juu au chini, na aulizwe kwanza: Wapi? Watu ni wangapi? Adui wa mahali hapo ni upepo, mti, maji au mwizi? Nani atalipa, na nani atangoja? Kati ya mji, kebo ya ardhini yafaa. Katika nchi ya mashamba na malisho, nguzo bado ndiyo njia ya kumfikishia mtu taa katika maisha yake, wala si katika maisha ya wajukuu wake. Katika mtaa kama Spring Valley, ulio kati ya hali hizi mbili, yafaa kuchanganya: kukata matawi na kuvika nyaya sasa, kuzika penye hatari, na kulaza mabomba kila barabara inapofunguliwa.

Wenyeji wa Spring Valley wana haki ya kudai umeme ulio imara. Wana wajibu pia wa kuuliza gharama yake itamwangukia nani.